Jiwe Nililolirusha Ziwa Ngozi

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu Kinondoni nzima inaisimulia tayari, tena wanaisimulia vibaya, wanasema nilitumbukia kisimani, na mie sikutumbukia, nilichungulia tu.

Enzi hizo Mwingereza bado yupo, nami nimetoka chuo kikuu Uganda na kichwa kimejaa maswali (mama yangu pale Temeke alikuwa akilalamika kwamba alipeleka mtoto akaletewa mbishi), na kabla ya kumuoa Mwanahawa nikataka kupanda mlima. Si mlima wa kamba na barafu, hapana, nilitaka volkano ya kupanda kwa miguu tu, ufike juu, uone mandhari, ushuke ukale. Kilimanjaro nikauacha kwa baridi, Lengai nikauacha kwa kuwa bado unatema moto, nikachagua Ngozi, kule Tukuyu, mlima uliozimika zamani na kubakiza ziwa ndani ya shimo lake, karibu na kwao Ambilikile niliyesoma naye.

Tulipita msituni, mianzi imefunga juu, hata ndege hawalii. Kutoka kileleni ziwa lilionekana chini kabisa, la kijani, limetulia kama linasikiliza.

"Usirushe jiwe humo," akasema Ambilikile.

"Kwa nini?"

"Wazee hawataki."

"Hawataki kwa nini?"

"Haya, rusha basi, ujue."

Nikarusha. Nikatega sikio nisikie likiingia majini. Kimya. Nikangoja, kimya, nikajiambia limenasa kwenye miti ya ukingoni. Ambilikile alikwishageuka, anashuka.

Siku ya ndoa ikafika. Tuko Kinondoni, nyumbani kwa kina Mwanahawa, baada ya sala ya alasiri, wanaume wamejaa mikekani mpaka barazani, mie katikati na joho la kuazima. Sheikh kanishika mkono, kasema, "Nimekuoza Mwanahawa binti Selemani kwa mahari mliyopatana," nami nafungua mdomo niseme nimekubali, ndipo nikasikia, karibu kabisa na sikio langu, kitu kizito kikiangukia kwenye maji mengi, na harufu ya majani mabichi ya kule msituni ikanijaa puani.

"Mmelisikia?" nikasema.

Hilo ndilo jibu nililompa sheikh.

"Nini, bwana arusi?"

Ningenyamaza, yangeisha. Lakini mie msomi, nikaeleza: jiwe, ziwa, Tukuyu, na kwamba kwa hesabu za shuleni lilipaswa kufika chini siku ile ile. Kadiri nilivyoeleza ndivyo mkono wa sheikh ulivyolegea ndani ya wangu.

"Huyu kaja peke yake, au kaja na jini lake?" mtu akauliza nyuma, na waliokuwa karibu nami wakasogea.

"Ni ndoo kisimani!" nikasema, nimefurahi kupata sababu, nikainuka, nikakimbilia uani, joho linafagia mchanga, watu wote nyuma yangu, wapishi wakaruka pembeni na miko yao. Nikaondoa bati lililofunika kisima, nikaingiza kichwa.

Kilikuwa kimefukiwa. Mchanga mpaka karibu na mdomo, na nyasi zimeota juu yake.

"Tulikifukia alipokufa mama yangu," akasema Mzee Selemani, baba yake Mwanahawa, taratibu. "Mwanangu, unatafuta nini humo?"

Sheikh akasema hawezi kumuozesha mtu ambaye akili yake haipo hapa, basi watu wale pilau kisha waondoke. (Wakala, siwasingizii.)

Nikabaki nimekaa pale kisimani, mke nimemkosa mbele ya macho ya watu, mpaka shangazi yake Mwanahawa akanijia, kajiziba mdomo kwa kanga.

"Mwenzio anauliza, ulirusha jiwe moja tu?"

"Moja, shangazi."

"Anasema basi limeshafika. Apa hutapanda tena milima hiyo, tumwite sheikh kabla hajafika barabarani."

"Shangazi, kwanza nieleze, mie kuapa si kwamba naamini—"

"Baba, apa tu!"

Nikaapa, mbele ya wapishi. Sheikh akarudishwa, na safari hii nikasema nimekubali hata kabla hajamaliza, ikabidi aanze upya, watu wanacheka.

Tangu hapo marafiki wakinijia na habari za volkano nyepesi yenye mandhari ya ajabu, nawaambia nendeni, ni nzuri kweli. Mie nimeoa.