Nilisema Alijimwagia Maji ya Moto

Nilimmaliza mtu kwa maneno machache, tena mtu aliyenitendea wema. Jambo hili nimelificha tangu nikiwa mama kijana, na sasa ni cucu, nyanya wa watu. Jina langu msilitoe, nawaomba. Lakini aibu yangu itoeni yote, maana imeoza ndani yangu na harufu yake naisikia.

Ilikuwa miaka ya Imajensi, ile hali ya hatari wakati wa vita vya Mau Mau. Siku hizo kila mtu wa Meru na Embu alikuwa akilazimishwa kuungama. Umekula kiapo? Ulikula na nani? Watu walichapwa ndipo waungame. Mimi leo hakuna aliyenishikia fimbo. Naungama kwa sababu nimejichoka.

Serikali ilitutoa kwenye mashamba yetu ikaturundika katika kijiji kimoja karibu na Kanyakine, nyumba ikigusa nyumba, vyoo vikifurika. Surua ikaingia, ikanichukulia mtoto wangu mdogo. Nikabaki na msichana wangu wa miaka mitatu, na kichwa ambacho hakikuwa changu tena.

Asubuhi moja tukiwa kwa kazi ya lazima, tukichimba handaki la kuzunguka kijiji, niliketi chini nikashindwa kuinuka. Homugadi, wale walinzi wa kijiji ambao walikuwa vijana wetu wenyewe, walinipiga mateke wakidhani ni kiburi. Nilipoanza kula udongo ndipo wakaamini ni ugonjwa. Mtoto wangu akaachwa kwa mama mkwe, mimi nikapandishwa lori hadi hospitali ya wagonjwa wa akili. Ilikuwa mbali, na sitaitaja.

Ningependa kuwaambia kwamba ilikuwa hospitali. Lo! Lilikuwa zizi!

Tulinyolewa vichwa sote kwa wembe mmoja, damu ya huyu ikipakwa kwa yule. Ndoo ya haja ilikaa mlangoni, na chakula kilipitia mlango uo huo. Uji ulikuwa na funza. Siku ya kwanza niliwatoa kwa kidole, siku ya nne nikawameza! Kuoga nako, tulivuliwa nguo, wasichana na akina nyanya, tukasukumwa kwenye maji kama ng'ombe wanaopelekwa kwa dipu, josho la kuua kupe, na wanaume wa kubeba kuni wakipita wakicheka.

Halafu kulikuwa na dawa ya usingizi. Ilikuwa inanuka vibaya, na ukiinywa harufu yake inatoka kwa pumzi yako na kwa jasho lako. Wodi nzima ilinuka hivyo. Hata leo nikikutana na harufu inayokaribiana na ile, natema mate. Usingizi nilipata, hapo sitadanganya. Lakini kama nilipona, aliyeniponya hakuwa daktari.

Aliyeniponya ni Wawira, mwanamke wa Manyatta, kule Embu. Kitanda chake kilikuwa karibu na changu. Yeye alikuwa amepona kitambo, daktari mwenyewe alisema, na alikuwa anangoja tu chifu wa kwao aandike barua kwamba jamaa watampokea. Bila barua hiyo na bila pasi, mtu wa kwetu hangeweza kusafiri siku zile.

Wawira ndiye aliyenilisha kwa mkono wake nilipokataa kula. Alinichagulia wale funza. Aliniita mwari wa maitu, yaani binti ya mama yangu. Nikimlilia mtoto wangu aliyekufa, ananiuliza habari za yule aliye hai, mpaka nikaanza kutamani kurudi kwake.

Sasa, palikuwa na mhudumu mmoja tuliyempa jina Mama Funguo. Huyo mama alikuwa na mkono mwepesi! Siku moja akaanza kumchapa bibi mmoja mzee asiyesema, eti amelowesha kitanda. Wawira akamshika mkono. Alimshika tu, hakumpiga. Mama Funguo akachukua birika la maji ya chai yaliyokuwa yakichemka, akamwagia Wawira mguu kuanzia gotini kushuka.

Niliona. Nilikuwa nimesimama pale pale na kikombe changu mkononi.

Ngozi ilitoka. Kidonda kilifungwa kwa kitambaa kichafu, kikaingia usaha, nzi wakajaa. Mimi ndiye niliyekuwa nawafukuza kwa upindo wa gauni langu. Nataka mjue kwamba mguu ule niliujua vizuri.

Baada ya wiki mbili tatu tukaona sakafu inaoshwa kwa dawa. Mashuka ambayo hatujawahi kuyaona yakatolewa stoo. Wageni wakubwa walikuwa wanakuja kukagua, na safari hii, tukaambiwa, wangewauliza wagonjwa wenyewe vile wanavyotunzwa.

Mama Funguo akaniita kando. Hakunipigia kelele. Aliongea polepole.

"Karatasi yako ya kwenda nyumbani iko kwa meza ya daktari," akasema. "Inangoja sahihi tu. Lakini wewe ni mtu wa Meru, na mimi nikisema nimekusikia ukiimba nyimbo za kiapo, utatoka hapa uende kambi ya kufungwa. Msichana wako atalelewa na nani?"

Nikamwambia, "Mimi sina neno, mama."

Hata leo naichukia ile sauti yangu ilivyotoka laini!

Wageni wakaja. Walikuwa daktari, karani, na mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia, aliyekuwa ameziba pua kwa kitambaa. Akauliza, "Nyinyi iko na shida hapa?"

Wawira akasimama, akainua gauni lake, akaonyesha mguu.

"Mimi nilimwagiwa maji moto," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, lakini kila neno lilieleweka. "Ni huyu mama alimwaga. Alikuwa anachapa cucu, mimi nikashika mkono yake."

Daktari akamtazama Mama Funguo, kisha akauliza, "Nani aliona?"

Wawira alitabasamu, jamani! Alitabasamu kwa sababu alijua niko. Akaninyooshea kidole. "Huyu aliona. Mwari wa maitu, ambia wao."

Mimi nilikuwa nimesoma misheni. Nilisimama nikanyoosha gauni, nikasema kwa Kiswahili safi, "Alijimwagia mwenyewe, bwana daktari. Huwa anaona vitu ambavyo haviko. Ni ugonjwa wake."

Karani akaandika. Yule mama wa kofia akasema, "Pole sana, maskini," na nikaona uso wake umepata nafuu. Wakaenda kitanda kingine. Wawira alishusha gauni lake akaketi.

Jioni ile ile alihamishiwa wodi ya kufungiwa, ile ya watu wa hatari. Huko walikuwa wanatiwa stima, yaani umeme, kichwani. Nilimwona mara moja tu tena, uani, ameshikwa na watu wawili, mate yakimtoka. Nilimwita kwa jina. Hakugeuka.

Mwezi huo huo karatasi yangu ilitiwa sahihi, nikarudi kwa mtoto wangu.

Mnadhani nilifurahi? Nilipomwambia mume wangu kwamba homugadi mmoja ananivizia mtoni, alinijibu, "Huo ni ugonjwa wako. Unaona vitu." Nilipolalamika kwamba mama mkwe ananinyima chakula, nikajibiwa hivyo hivyo. Kijiji kizima kilijua nilikotoka, na hakuna neno langu lililoaminika tena. Sikuwa na haki ya kulia.

Imajensi ilipoisha na pasi zikaondolewa, nilijikaza nikaenda Manyatta. Nilimkuta mama yake Wawira uani akichagua maharagwe. Nilipomwambia nililala wodi moja na binti yake, alinikumbatia akalia. Akaniinjikia chakula kabla hata sijakaa vizuri.

"Mwanangu," akaniuliza, "huko walikuwa wanamtunza vizuri?"

"Vizuri, mama," nikajibu.

Ndipo akanieleza. Barua ilitoka hospitalini ikaja kwa chifu, ikasomwa mbele ya jamaa wote, kwamba Wawira bado ni mgonjwa, kwamba amejimwagia maji ya moto mwenyewe.

"Mke wa kijana wangu alikuwa amejifungua tu, na tulikuwa tumebanana nyumba moja," mama yule akasema. "Tuliogopa. Mtu anajimwagia maji ya moto, si atamwagia mtoto? Nikaambia chifu akae huko kwanza. Ni mimi nilisema. Akafia huko, hata hatukupewa mwili."

Halafu akanitazama usoni. "Wewe ulikuwa karibu naye. Ni kweli alijimwagia?"

Mlango wa kuungama ulikuwa wazi kabisa mbele yangu! Hapakuwa na Mama Funguo, hapakuwa na kambi.

"Sikuona, mama," nikasema. "Nilikuwa nimelala."

Akanishukuru kwa kuja. Akanipakulia githeri, yale mahindi na maharagwe, nami nikala. Nilimaliza sahani yote, mbele ya mama wa mtu niliyemuua, na aliponiongezea nikapokea!

Yule mama ameshafariki. Alizikwa akiamini binti yake alijichoma, na kwamba yeye kama mama ndiye aliyemkataa. Ningeweza kumwondolea mzigo huo siku yoyote. Kutoka kwetu hadi Manyatta si mbali.

Kwa hivyo nawasihi. Ukiwa na mtu wako aliyelazwa kwa ugonjwa wa akili, naye akuambie anateswa, usikimbilie kusema ni ugonjwa unaoongea. Inua nguo yake uangalie mwenyewe. Usimwulize mwenye funguo. Wala usimwulize mgonjwa wa kitanda cha pili, yule mtulivu, msafi, anayengoja karatasi yake ya kwenda nyumbani. Huyo ni mimi.