Kosa la Bibi Desimali

Ofisini walimwita Bibi Desimali, na jina likamkaa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kukusanya tafiti za watu wengine na kuziunganisha zitoe jibu moja. Mwaka ule alipewa tafiti kumi na moja kuhusu wazee waliopooza kwa kiharusi: je, mazoezi ya kila siku huwarudishia kutembea? Kazi ilimgusa yeye mwenyewe, maana baba yake alikuwa kitandani kwa kiharusi, mwezi wa tatu sasa. Jibu la kwanza lilipotoka, uvumilivu ulimshinda, akampigia simu.

"Baba, mazoezi yanaongeza wanaotembea zaidi ya mara mbili!"

Mzee akaanza kuinua mguu asubuhi na jioni.

Wiki iliyofuata, akipitia majedwali upya, aliona kosa. Tafiti tano ziligawanya waliotembea kwa wagonjwa wote. Sita ziligawanya waliotembea kwa wasiotembea. Yeye alizichanganya kana kwamba zasema lugha moja! Akachukua karatasi, akaweka mfano. Wazee mia bila mazoezi, hamsini wanatembea. Mia wenye mazoezi, sabini na tano. Kwa njia ya kwanza, ongezeko ni mara moja na nusu. Kwa njia ya pili, mara tatu. Wazee ni walewale.

Alikwenda kwa mkuu wa kitengo.

"Siku ya kutoa ripoti imeshapangwa, mama," mkuu alisema.

"Basi ipangwe upya, bosi. Kosa ni langu."

Mkuu alishusha pumzi, akampa siku tisa. Bibi Desimali alizibadili zile sita, moja moja, kwa kuangalia katika kila utafiti ni wangapi walitembea kati ya wasiofanya mazoezi. Jibu likawa mara moja na nusu.

Kumwambia baba ndiko kulikomtoa jasho. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaeleza yote.

"Kwa hiyo ulinidanganya," mzee alisema.

"Nilikosea, baba. Nisamehe."

Mzee aliuliza, "Hao waliotembea, walikuwa vijana kuliko mimi?"

"Wengine walikukaribia kwa umri."

"Basi nishike huu mguu, tuendelee."

Ripoti ilitoka na ukurasa mzima wa kukiri kosa. Mkuu alitaka uondolewe, Bibi Desimali akakataa katakata. Mwezi wa saba tangu augue, mzee alifika mlangoni kwa fimbo, na kurudi akapumzika mara mbili. Mkono wa kushoto, uliopooza pamoja na mguu, haukupona.