Ufunguo wa Kibanda cha Mtambo

Niliporudi Mbinga na shahada yangu ya uzamivu, nilikuta mama yangu, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kahawa, amemkabidhi mdogo wangu ufunguo wa kibanda cha mtambo. Mtambo huo, unaozungushwa na maji ya kijito, ndio unaoendesha mashine ya kumenya kahawa. Mdogo wangu aliishia kidato cha nne. Niliutaka ufunguo ule, na nikiri mapema kwamba sikuutaka kwa ajili ya kahawa.

Yeye aliongoza lango la maji kwa mkono, akisikiliza. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alilitikisa: alifungua kidogo, akafunga, akafungua zaidi, huku mtambo ukinguruma na kunyamaza.

"Unautesa," nilimwambia.

"Nausalimia, kaka. Usipousalimia hautakwambia umeamkaje."

Wanawake waliokuwa wakichambua kahawa walicheka, na mama aliwazidi wote. Jumapili hiyo usipa, wale dagaa wa huku kwetu, uliletwa kutoka ziwani. Mama alipopakua, bakuli la mdogo wangu lilijaa kuliko langu. Nililipima kwa macho.

Mimi nilikuja na kidhibiti chenye kujirekebisha, kifaa cha kufungua na kufunga lango chenyewe kulingana na mwendo wa mtambo. Mtambo ule haukufuata mstari ulionyooka: ukiongeza maji mara mbili, mwendo hauongezeki mara mbili, na kanuni yake kamili hakuna aijuaye. Kidhibiti huikisia kwa kujumlisha vilima vingi vidogo vya kihisabati, kila kimoja kikisimamia sehemu yake, kama mashimo ya ngolo, yale yanayochimbwa kuzuia maji ya mvua, yanavyogawana mteremko wa shamba la Mmatengo. Kila kosa likionekana, kimo cha vilima vinavyohusika hurekebishwa.

Nilimkataza mdogo wangu kuligusa lango kwa siku saba, ili vipimo viwe safi. Grafu ya mwendo ilitulia. Nikamwonyesha mama.

"Mbona ni mstari tu?"

"Ndio uzuri wake, mama."

Siku ya nane magunia yalikuwa mengi. Mashine ilikwama, kisha ikaachia ghafla. Mtambo ukaenda mbio, nacho kidhibiti kikazidi kufungua maji badala ya kufunga. Mdogo wangu aliruka, akalishusha lango kwa mikono miwili. Kisha akarudi kuinua magunia. Afadhali angenicheka.

Nilikagua kumbukumbu za kidhibiti. Vilima vichache tu, vya mwendo ule mmoja wa utulivu, ndivyo vilivyokuwa vimejifunza. Vingine vilibaki na namba nilizozibahatisha mwanzoni. Mtambo usiosumbuliwa haufundishi kitu. Sharti hilo la kuusumbua kwanza nililiandikia sura nzima ya tasnifu, kisha nikamkataza mtu pekee aliyelitimiza kila asubuhi.

Kesho yake nilimwambia, bila kumtazama, "Usalimie mtambo."

"Leo siutesi?"

"Utese."

Alilitikisa lango kwa utaratibu wake, na kwenye kompyuta yangu vilima vikaanza kubadilika kimo, kimoja baada ya kingine. Mashine ilipokwama tena wiki iliyofuata, kidhibiti kilishika mwendo chenyewe.

Kwenye kikao cha kikundi mama alisimama. "Kifaa cha mwanangu msomi kibaki, kinafaa. Ufunguo ubaki kwa anayeusalimia mtambo."

Walipiga makofi. Nami nilipiga, polepole.

Hadi leo, nikija likizo, hujitahidi kufika kibandani kabla yake. Hufika kwanza kweli, kisha husimama nje ya mlango, nikimngoja aje anifungulie.