Pini ya Pazia

Pazia la sebuleni nililinunua baada ya kubishana bei mpaka koo likanikauka. Muuzaji alikuwa mjanja kuliko mimi: alinipunguzia bei, akanipunguzia na upana. Pande zake mbili hazikukutana katikati. Majirani wa ghorofa ya mbele walikuwa wakituona tukila ugali.

Mama ndiye aliyepata dawa. Alikuwa mtu wa Ukambani, vidole vyake vimezoea kusuka vyondo, na kila Jumapili ya Matawi alisuka tawi lake la mtende likawa msalaba mnene wenye fundo katikati. Aliuweka pale penye mwanya, akaubana kwa pini. Jioni alibana, asubuhi alifungua, akimwambia aliye msalabani, "Haya, Bwana, lipishe jua."

Jioni tuliyompeleka hospitali alikuwa amekwisha kubana. Hakurudi. Nami sikufungua. Tangu mazishi, sebule yangu huku mtaani Mowlem ilikuwa giza saa sita mchana. Nilitafuta viatu kwa tochi ya simu, mimi ninayeuza mitumba juani na kuwaambia wateja waitazame rangi kwenye mwanga. Kusali niliacha. Pale hospitali nilikuwa nimebishana bei na Mungu, nikapanda mpaka mwisho wa uwezo wangu, naye hakunijibu hata kwa kutikisa kichwa.

Kwaresima ilipokaribia, jumuiya ya kanisa ikapita nyumba kwa nyumba kukusanya matawi ya mwaka jana, yale yanayochomwa yakawa majivu ya Jumatano. Kwangu alikuja mwenyekiti mwenyewe, rafiki ya Mama. Hao wawili walikuwa wakigombana mferejini wiki nzima, Jumapili wakipatana kanisani.

"Hapa mmelala?" akauliza, akichungulia.

"Tuko macho, mama."

"Nimefuata tawi."

"Sina."

Akanyoosha kidole dirishani. "Na lile?"

"Lile linashika pazia."

"Si ununue pazia!"

Nikamwambia achukue nusu.

"Nusu ya msalaba ni kijiti, mwanangu. Nimpelekee padre kijiti?"

"Basi nikutafutie mengine. Mawili."

"Mabichi? Hayashiki moto." Akaketi ukingoni mwa kitanda cha Mama, pale pale sebuleni chini ya dirisha, sauti ikashuka. "Mwenzangu hakungoja kuitwa. Kila mwaka aliniletea mwenyewe. Alisema kilichobarikiwa hakitupwi, wala hakifugwi. Ukiliweka hapo, mende watalila."

Nilifungua pini kwa mkono wangu. Pazia likaachana lenyewe, jua likaingia kama mtu aliyekuwa amengojeshwa mlangoni. Nikaona vumbi. Nikaona shimo la kichwa cha Mama kwenye mto, na kitana chenye nywele zake nyeupe. Nililia kwa sauti. Mwenyekiti hakuninyamazisha. Aliutia msalaba kikapuni pamoja na matawi ya wengine, nami nikayahesabu kwa macho, mara mbili, nisije nikasahau letu liko wapi.

Jumatano nilikwenda kanisani kulitafuta. Katika bakuli la padre hapakuwa na fundo wala usukaji. Majivu ni majivu. Lakini nilipogeuka niliwaona watu wote wa mtaa, muuza samaki, kinyozi, watoto wa shule, kila mmoja amebeba chembe ya Mama kwenye paji la uso. Hata mwenyekiti, mgomvi wake wa mferejini.

Padre aliponipaka nilifumba macho. Sikutaja bei. Nilisema, "Haya, Bwana," nikaishia hapo.

Jioni nilibana pazia kwa pini tupu. Mwanya ulibaki. Asubuhi jua lilinitangulia kuamka, likalala mstari mwembamba juu ya kitanda kisicho na mtu. Kisha nikafungua pini, nikaimalizia ile sala ya Mama.