Nyota ya Saba ya Kilimia

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, mimi ndiye niliyekuwa macho ya bibi. Yake yalishaanza kuingia ukungu. Kila mwaka mvua zilipokaribia, jua likishazama, alinishika mkono tukasimama nje ya zizi kungoja Kilimia, lile fungu dogo la nyota, lichomoze mashariki. Kibuyu cha mbegu za mtama, kilichozibwa kwa mavi ya ng'ombe, hakikufunguliwa mpaka mtoto wa kike wa nyumba azihesabu nyota hizo. Zilitakiwa ziwe saba. Ikipungua moja, alisema bibi, kuna mtu wetu hatarudi.

Mwaka ule baba alikuwa Mwakitolyo, akichimba dhahabu mashimoni.

“Ngapi, mayu?” Aliniita mayu, yaani mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

Nilihesabu. Sita. Nikafikicha macho, nikahesabu tena kwa kidole. Sita.

“Umelala umesimama?”

“Saba, bibi.”

Akafungua kibuyu, kesho yake tukapanda. Tangu hapo kila mgeni alipopiga hodi nilikimbilia jikoni, nisisikie habari aliyoleta.

Baba alirudi mtama ukiwa umeinamisha masuke. Amekonda, nywele nyekundu kwa vumbi. Nilimwambia shikamoo, nikaangua kilio. Jioni nikamweleza bibi ukweli.

Alicheka mpaka akashika mbavu. “Kumbe mwongo mwenzangu! Hata mimi utotoni niliona sita. Baba yangu alikuwa ameswaga ng'ombe mbali, nikamwambia mama saba.”

“Na mama yako, utotoni aliona ngapi?”

“Ningemwuliza nipate kiboko?”

Nikiwa darasa la sita, mwalimu alitufundisha kwamba nyota zote zinahama, polepole mno, hata mafungu yake hubadilika sura baada ya maelfu ya miaka. Mwaka huohuo macho ya bibi yakazima kabisa, nikaacha shule nimwongoze. Sikupata kumwuliza mwalimu kama ya saba iliondoka zamani au bado inakuja. Ninachojua ni kwamba nyumbani kwetu hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kusema sita.

Sasa nina miaka kumi na saba, na baba yuko tena machimboni. Msimu huu aliyehesabu ni mdogo wangu, Kabula. Alihesabu kwa kidole, akafikicha macho, akahesabu tena.

“Saba, bibi,” akasema.

Bibi akapapasa mpaka akakipata kichwa cha Kabula, akakishika. Mimi sikuinua macho juu. Nilikwenda kuleta kibuyu.