Nilimpiga Kisigino Mtu Aliyekuja Kunibeba

Jamani, aibu niliyoipata kule ufukweni Kibirizi sijawahi kuipata tangu nizaliwe, na mimi ni mtu niliyewahi kukaa msibani siku nzima dera nimelivaa ndani nje, kwa hiyo mjue nasema nini. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wenye kuongeza chumvi, maana nasikia huko Katubuka wanasema nilimvunja mtu mguu. Sikumvunja. Alichechemea tu, tena siku mbili.

Mnanijua, mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ujiji, umri wangu mnaujua na unene wangu mnauona, hapo sina la kuongeza. Sasa kuna siku nilikuwa sokoni Mwanga, mtu akanikamata mkono, akanipokonya simu, akatoka mbio, na mimi nikabaki nimesimama namwangalia anavyokimbia kama vile nimemtuma dukani. Hata sauti haikutoka! Kilichoniuma si simu, ni ule ubwege wangu wa kusimama. Ndipo nikajiunga na kina mama wa Buzebazeba wanaofanya mazoezi ya kujihami kila Jumamosi jioni kwenye uwanja wa shule, wanafundishwa na Mwalimu Perpetua, mama mmoja wa Kiha, mfupi, aliwahi kuwa mgambo, akikushika mkono unaikumbuka dini yako.

Huyu mama ana akili. Siku ya kwanza alituambia, "Hizo karate mnazoziona kwenye video ni za watu waliovaa suruali. Nyie mna madera, mna vikapu, wengine mna migongo inauma. Kwa hiyo kila pigo tutalipunguza likuenee, kama fundi anavyopunguza nguo." (Hapo akanitazama mimi, nikavimba kichwa.) Basi kwetu hakuna kurusha mguu juu. Mtu akikurushia ngumi, unapiga hatua moja pembeni, unainua mkono kama unayejikinga jua, ngumi inapita zake. Akikukamata kifundo cha mkono, huvuti kwa nguvu, unazungusha mkono kuelekea kwenye kidole gumba chake, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu, halafu unachomoa. Akikukumbatia kwa nyuma, unajilegeza uwe mzito (hapa nilipata maksi zote), unampiga kisigino kwenye ugoko, kisha unarudisha kichwa nyuma kwa nguvu. Miezi mitatu nikawa moto kabisa. Ikafika mahali mume wangu akitaka kunigusa bega anapiga hodi kwanza.

Sasa kuna Rehema, mtoto wa marehemu kaka yangu, ambaye nimemlea mimi tangu akiwa darasa la pili. Rehema akapata mchumba, na harusi ikapangwa ifanyike Mwamgongo, huko kaskazini mwa ziwa kwa mama yake mzazi. Nguo ya bibi harusi ashone nani kama si mimi? Nikaishona mwezi mzima, lesi juu, mkia nyuma, shanga kifuani nimezitia kwa mkono moja moja mpaka macho yakawa mekundu, na kwa sababu ya hizo shanga nikachelewa, wenzangu wote wakatangulia, mimi nikabaki niondoke na boti la asubuhi siku ileile ya harusi. Ndoa ilikuwa baada ya alasiri. Nikikosa lile boti, hakuna nguo na hakuna shangazi. Na asubuhi ile Rehema alinipigia simu kwa sauti ndogo, akasema, "Shangazi, tangu jana sijala, chakula hakipiti. Watu wengi huku siwajui. Usichelewe, naogopa." Nikamwambia mwanangu tulia, mimi huyo nakuja.

Nikafika Kibirizi mapema, begi la nguo nimelikumbatia kifuani, sikubali mtu alishike. Boti lilikuwa halijasogea mchangani, limesimama kwenye maji ya kufika kiunoni, na abiria wanabebwa na wabebaji mmoja mmoja kupelekwa kupandishwa, kama kawaida. Mbebaji mkuu pale ni mtu mzima mmoja mwenye mvi kwenye ndevu, wenyewe wanamwita Winchi, kwa sababu hakuna kitu asichokinyanyua. Winchi hana salamu ndefu, yeye anakubeba kwanza, maelezo mtapeana ukishakaa kwenye boti. Kila mtu anajua hivyo na hata mimi najua, amenibeba miaka na miaka! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Pale ufukweni nikakutana na rafiki yangu Mwajuma, anauza chai na chapati. Akaniambia, "We fundi, nasikia siku hizi unapiga watu." Hapo ningesema "wanakusingizia" nikaenda zangu kwenye boti, tungekuwa tunazungumza mambo mengine saa hizi. Lakini mimi na sifa! Nikamwambia, "Ngoja nikuonyeshe moja tu."

Moja tu. Begi mkono wa kushoto, nikampa Mwajuma mkono wa kulia, nikamwambia kamata kwa nguvu zako zote, akakamata, nikazungusha, chwaa! mkono huo nje. Watu wakacheka, wakapiga makofi, mama mmoja wa dagaa akasema rudia sijaona, nikarudia. Akatokea mwanaume mmoja muuza mitumba akaniambia, "Na ngumi je?" nikamwambia rusha, akarusha ya kivivuvivu, nikapiga hatua pembeni, ngumi ikapita, akayumba, ufukwe mzima "eeeeh!" Wenzangu, nilijisikia. Nikaanza na kutoa mafunzo sasa, nimegeuzia ziwa mgongo, nawaeleza kina mama kwamba adui mbaya ni yule anayekuja nyuma.

Kumbe nahodha ameshaita abiria wa Mwamgongo mara tatu na injini imewashwa. Mimi kwa makofi yale sikusikia. Winchi akaona amebaki abiria mmoja tu, tena mteja wake wa siku zote, kasimama ukingoni na begi kifuani. Akatoka majini, akaja kwa nyuma, akanizungushia mikono, hop! juu, akageuka kuelekea kwenye boti.

Mimi hapo kichwa hakikufanya kazi, mwili ulijibu wenyewe. Tulikuwa tumeshaingia maji ya mapajani, nikajilegeza, nikamshindilia kisigino cha ugoko, nikasikia "Mawe!" (ndivyo Waha wanavyomwita mama, na aliita kwa moyo wote), nikarudisha kichwa nyuma kikampata kidevuni, na ili nimalize vizuri kama nilivyofundishwa nikatupa viwiko vyote viwili. Vyote viwili! Na begi nilikuwa nimelishika na nini? Tukaenda chini mimi na Winchi na begi, zipu ikaachia, na nilipoibuka natema maji nikaona nguo ya Rehema imejitandaza juu ya ziwa, nyeupe, shanga zinametameta, inaelea taratibu kuelekea kwenye panga la injini ya boti.

Nilipiga ukelele ambao nadhani Kongo walinisikia. "Nguo ya bibi harusi! Jamani nguo ya mwanangu!" Nahodha akazima injini. Na aliyeruka kuifuata, nawaapia, ni huyohuyo Winchi, mguu mmoja unachechemea, mdomo unatoka damu, akajitupa mbele akaidaka mkia ikiwa imebaki kidogo tu ifike kwenye panga. Akarudi nayo ameinua juu ya kichwa kwa mikono miwili. Mimi nimesimama majini, mtandio sijui uko wapi, wigi imeelekea Burundi.

Mnadhani yaliishia hapo? Nahodha anapiga kelele kwamba anaondoka, mimi siwezi kupanda boti lile peke yangu, na wabebaji wote wamesimama mbali. Namwita huyu, anasema ana mgongo. Namwita yule, anasema, "Mama, mimi nina familia." Ufukwe mzima unacheka, simu zimenyanyuliwa zinanirekodi. Na kichwani namsikia Rehema na sauti yake ndogo. Kiburi kikaniisha, nikaanza kulia mbele za watu, nikamwambia, "Winchi kaka yangu, nisamehe. Leo namwozesha mtoto wa marehemu kaka yangu, ananisubiri mimi."

Winchi akapangusa mdomo akaniuliza, "Mama fundi, nimekubeba miaka mingapi?"

"Mingi, kaka yangu."

"Nimewahi kukudondosha?"

"Hata siku moja."

"Basi leo umejidondosha mwenyewe." Akageuka, akachuchumaa. "Panda mgongoni. Miguu yako nitaishika mimi, siiamini."

Nikabebwa hivyo, miguu imebanwa chini ya makwapa yake kama kuku anayepelekwa mnadani, watu wanapiga vigelegele, na Mwajuma, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ndiye anayeviongoza.

Kwenye boti kina mama walinionea huruma. Wakaikamata nguo, huyu kola, yule mkono, wawili mkia, wakaishikilia kwenye upepo njia nzima huku nahodha analalamika kwamba boti lake limegeuzwa kamba ya kuanikia. Bahati yetu maji ya ziwa hili hayana chumvi. Tulipofika ilikuwa imebaki na unyevu pindoni, doa moja la mafuta ya injini, na harufu ya dagaa, maana ile mikono ilikuwa ya wauza dagaa. Nikaomba pasi ya mkaa, nikanyoosha nikiwa nimejifungia, na nikajiapiza kwamba Rehema hatajua neno.

Nikamkuta amekaa kitandani, sahani ya wali iko pembeni imefunikwa, haijaguswa. Akanikumbatia hakuniachia. Nikamvalisha bila kumtazama machoni. Akashika pindo, akalinusa.

"Shangazi, mbona nguo mbichi? Na mbona inanuka dagaa?"

Nikashindwa. Nikakaa chini nikamwambia yote, na mazoezi, na Mwajuma, na kisigino, na wigi. Akainamisha kichwa, nikajua nimemharibia siku ambayo haitarudi. Mara nikaona mabega yanatikisika. Nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinapanda, akacheka mpaka akaegemea ukuta, mama yake akaja mbio akidhani kuna msiba. Rehema akajifuta macho akasema, "Nyie, nina njaa mimi. Hebu sogezeni hiyo sahani." Nikamfunga kanga kifuani asichafue nguo, nikamlisha kwa mkono wangu tonge moja moja kama alipokuwa mdogo, na wali wote akaumaliza. Doa nikalifunika kwa ua la kitambaa. Alipotoka kwenda kwa wageni alikuwa anatabasamu bado, na hakuna aliyeuliza habari ya pindo.

Winchi nilimshonea shati zuri la kitenge nikampelekea mwenyewe. Alilipokea kwa mkono mmoja, mwingine amejikinga uso.

Na mazoezi siachi, Jumamosi mtanikuta uwanjani. Lakini naapa mbele yenu, mtu akinishika kwa nyuma nitageuka kwanza nimwone ni nani, na sitamwonyesha binadamu yeyote pigo hata moja nikiwa nimebeba nguo ya mtoto wa watu.