Siku Nilipoitenga Karatasi ya Zaitun

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ya ujana wangu ambayo hata leo nikiikumbuka viganja hunitoka jasho. Tulikuwa Arua, miaka ile ya serikali ya jeshi, na mume wangu Ramadhani alikuwa mtunza stoo wa kampuni ya tumbaku. Kazi nzuri, mshahara wa kila mwezi, na bima ya maisha juu yake. Basi ofisi ikatangaza: kila mwenye bima na watoto alete hati ya ndoa, vyeti vya kuzaliwa na risiti za bima, apunguziwe kodi. Mwisho Jumatatu.

Ungedhani ni habari njema. Wapi! Ramadhani alikuwa amekwisha kuwaambia ana watoto wanne, na wanne tulikuwa nao kweli. Ila mmoja, Zaitun, alikuwa wa marehemu kaka yake Ramadhani. Kwetu sisi Wanubi mtoto wa kaka yako ni wako, nani atakuuliza? Alitujia angali mchanga, akaniita mama kabla hajajua kutembea. Lakini cheti chake kilikuwa na jina la baba mwingine, na karani mkuu alikwisha sema kwamba atakayeandikisha mtoto asiye wake ni mwizi wa mali ya serikali. Siku zile, mwanangu, mtu aliitwa kuulizwa neno dogo tu, mkewe akabaki kuchungulia njia.

Makaratasi yetu aliyatunza mama mkwe, kwenye sanduku lake la bati huko Koboko, maana aliamini nyumba ya vijana ni nyumba ya kupoteza vitu. Akaja nayo kwa lori, ameyafunga kwenye kitambaa. Nikayamwaga mkekani. Ya Rabi! Risiti zimekunjwa pamoja na barua za posa, cheti kimoja kina doa la samli. Zaitun, mtoto mwenye mikono myepesi, akakaa karibu yangu akinisaidia kunyoosha. Hati ya ndoa hapa, risiti pale, vyeti vya watoto huku. Kila gari likipita nje, nachungulia dirishani. Akanipa cheti chake, nami nikakisukuma.

"Hiki weka kando. Si cha kwetu."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilisema karatasi, mtoto akasikia ni yeye. Hakulia. Alikiweka kando, akainuka, akaingia chumbani, na mimi kwa wahaka wangu nikaendelea na risiti.

Mama mkwe ndiye aliyemkuta anafunga magauni yake. "Haboba, naenda na wewe Koboko," Zaitun alimwambia bibi yake.

Mama mkwe akatoka, akaja kusimama juu ya mkeka, juu ya karatasi zangu zote. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, cha askari. "Wewe iko napanga karatasi ama iko napanga watoto?"

"Mama, naogopa. Watamchukua Ramadhani."

"Hata mimi iko naogopa. Ramadhani ni mutoto yangu. Lakini ile uoga yako, kwa nini napatia mutoto kubeba?"

Nililia mbele ya mkwe, jambo la aibu kwetu.

Jumatatu Ramadhani akaenda na ukweli, maana njia ya mwongo ni fupi. Alibeba vyeti vya watatu, na cha Zaitun pamoja na barua ya chifu, tuliyoifuata nyumbani kwake Jumapili, kwamba binti analelewa na baba yake mdogo. Nilishinda mlangoni, uji ukaungua. Jioni akarudi kwa miguu yake, alhamdulillahi. Karani alikuwa amefoka weee, kisha akamfuta Zaitun kwenye hesabu ya kodi, na tangu hapo tukakatwa zaidi. Lakini kwenye bima, alisema, mtu huandika amtakaye kuwa mrithi. Ramadhani akamwandika Zaitun wa kwanza.

Nikampakata Zaitun, nikamsomea jina lake kwenye karatasi ya bima. Akatabasamu, nami nikadhani yamekwisha. Hayakwisha. Hata alipokuwa mwali wa kuposwa, akinikuta nimetandaza karatasi husimama mlangoni na kuuliza polepole, "Mama, niwapishe?"

Basi wewe uliyeanza kazi juzi, na vyeti umevichomeka chini ya godoro, nisikie. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Panga makaratasi yako mapema, kila mtu na bahasha yake, usingoje ofisi ikupigie kelele, maana aliyebanwa huropoka. Andika ukweli hata ukikugharimu. Na kama nyumbani kwako yupo mtoto ambaye cheti chake kina jina jingine, mweleze wewe kwa kinywa chako, mkiwa mmetulia, kabla karatasi haijamweleza. Mungu akupe riziki ya halali, akuepushe na hofu inayotafuta mdogo wa kumwangukia, na kila anayelala chini ya paa lako alale akijua ni kwao. Amin.